Vipindi Saba vya Thika

Ukipanda matatu ya kutoka Nairobi kwenda Thika leo, ukishapita Githurai na Kahawa, Ruiru inakupokea kwa maghorofa yaliyoota palipokuwa mashamba ya kahawa. Tangu barabara kuu izinduliwe mwaka 2012, safari nzima haimalizi saa moja, foleni ikikuhurumia. Elspeth Huxley anakianza kitabu chake kwa safari ya kwenda hukohuko, mwaka 1913, juu ya mkokoteni wa maksai. Kitabu hicho, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1981 kikaonyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza kama tamthilia ya vipindi saba. Wengi tunalijua jina hilo na hatujui zaidi. Mimi ninachokipenda ni namna vipindi hivyo vilivyoundwa, kwa sababu walioviunda walikuwa mafundi waliokomaa katika televisheni ya miaka ya 1970, na alama za mikono yao zinaonekana.

Mtayarishaji na mwandishi alikuwa John Hawkesworth, mtu aliyeanzia kwenye uchoraji na mandhari za filamu. Jina alilipatia katika Upstairs, Downstairs, tamthilia ya vipindi 68 iliyoonyeshwa kati ya 1971 na 1975, kuhusu nyumba moja ya kitajiri ya London: mabwana ghorofani, watumishi chini. Baadhi ya vipindi vyake vya mwanzo ni vya nyeusi na nyeupe, kwa kuwa mafundi wa mitambo walikuwa wamegoma kutumia vifaa vya rangi. Hata hivyo mtazamaji hakubanduka. Siri ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Kila kipindi kilichukua jambo moja, tena mara nyingi dogo, kikalifuata hadi mwisho wake, na shida ya kijakazi ikapewa dakika nyingi na heshima ileile kama shida ya bibi mwenye nyumba.

Utaratibu huo ndio Hawkesworth aliouhamishia Thika. Tilly na Robin, yaani mama na baba wa Elspeth, wanaigizwa na Hayley Mills na David Robb, lakini nyumba yao haisimami bila Juma mpishi, Sammy nyapara na kijana Njombo. Hao waliigizwa na Paul Onsongo, Steve Mwenesi na Mick Chege. Sammy na Njombo wanagombana, na Njombo, akiamini amelaaniwa, anaanza kudhoofika bila jeraha wala homa. Hebu fikiria mwigizaji amebakiwa na nini hapo. Hana panga, hana hotuba, hana pa kukimbilia. Ana pumzi, macho, na uzito wa shingo. Akizidisha kidogo tu, watu watacheka. Akipunguza, hakuna atakayeamini kwamba mtu mzima anaweza kufa kwa kuamini. Waigizaji wa kizungu walipewa mapenzi ya siri, farasi na nguo nzuri. Kwa maoni yangu, kazi nzito ilikuwa kwa Chege.

Hata hivyo, ukweli usemwe: tamthilia hii inatazama kila kitu kutoka baraza ya mlowezi. Robin anasimama kwenye kipande cha ardhi na kukiita chake, na hakuna anayemuuliza kilikuwa cha mbari gani kabla yake. Mtazamaji wa Gatundu au wa Ruiru atalijaza pengo hilo mwenyewe, bila kuhitaji msaada.

Tuje kwenye kamera. Tamthilia nyingi za Uingereza za miaka ile zilikuwa na ila moja ambayo ukishaiona huwezi kuacha kuiona. Mtu akiwa sebuleni alirekodiwa kwa kamera za video za studio, na picha ikawa laini, yenye mwanga wa kila upande. Akifungua mlango na kutoka nje, alichukuliwa kwa filamu ya milimita 16, na ghafla picha ikawa na chembechembe na vivuli vya kweli, kana kwamba amehamia nchi nyingine. Kampuni ya Euston Films, iliyoundwa mwaka 1971 chini ya Thames Television, iliamua kuachana na studio. The Sweeney, tamthilia yao ya polisi ya 1975 hadi 1978, ilipigwa katika mitaa halisi ya London, kipindi kizima kwa siku kumi hivi za kazi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja Kenya kutengeneza hadithi ya Thika.

Mkebe wa futi 400 wa filamu ya milimita 16 hauzidi dakika kumi na moja. Ulichokipiga hukijui mpaka kisafishwe maabara. Kwa hiyo uamuzi wote, kamera isimame wapi, jua liwe upande gani, mtoto atembee hatua ngapi, hufanywa kabla ya kamera kuanza kuzunguka. Mwongozaji Roy Ward Baker, aliyeongoza vipindi vyote saba, alikuwa mtu wa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1958 alikuwa ameongoza A Night to Remember, filamu ya kuzama kwa Titanic. Mzee wa namna hiyo hapotezi filamu. Na Holly Aird, aliyemwigiza Elspeth, alikuwa na miaka kumi na moja hivi, ingawa Elspeth mwenyewe alifika Kenya akiwa na miaka sita. Nadhani walifanya busara. Mtoto wa miaka sita anapendeza, lakini wa kumi na moja anajua kusikiliza mbele ya kamera, na nusu ya hadithi hii ni mtoto anayesikiliza mazungumzo yasiyomhusu.

Kuna ufundi mwingine usioonekana upesi. ITV, televisheni iliyoionyesha tamthilia hii Uingereza, iliishi kwa matangazo ya biashara, hivyo kipindi cha saa moja kilikuwa na dakika hamsini hivi za hadithi, zilizokatwa vipande. Kila kipande kilipaswa kumwacha mtazamaji na swali dogo, lenye nguvu ya kumrudisha kutoka jikoni chai ikiisha kuiva. Marekani, mwaka 1982, tamthilia ilionyeshwa kwenye televisheni ya umma isiyokatizwa na matangazo, vipande vikaunganishwa moja kwa moja. Ukiitazama hivyo, subiri dakika ya kumi na tano au ishirini hivi. Mtu atanyamaza kidogo kuliko inavyohitajika, au atageuka kutazama kitu ambacho sisi hatujaonyeshwa. Hapo ndipo mshono ulipopita.