Ukaushaji katika Nchi ya Mvua

Rungwe, nchi iliyojaaliwa mvua kuliko sehemu nyingi za Tanzania, haikutazamiwa kuwa makao ya sanaa ya kukausha chakula. Maana msafiri ashukaye Isyonje kwa barabara itokayo Uyole kwenda Kasumulu, hata akawasili Kiwira, aghalabu huukuta Mlima Rungwe, ambao urefu wake hukaribia mita 2,960, umejitanda ukungu tangu alfajiri, na manyunyu yakianguka juu ya migomba, juu ya mashamba ya chai na juu ya mabati ya soko pasipo dalili ya haraka. Katika nyanda za Tukuyu mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Hiyo ndiyo neema iliyostawisha migomba ambayo msafiri Joseph Thomson aliistaajabia alipopita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, na ndiyo hiyo hiyo imfanyayo mama wa Kiwira, aliyekwisha kuanua nguo zake mara tatu tangu asubuhi, asithubutu kuanika hata kisahani kimoja cha ndizi.

Wenyeji wa nchi za jua hawakusumbuliwa na fikira hizi. Mvuvi wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hutandaza usipa wake ufukweni na jua likamtimizia kazi. Mnyamwezi hukata viazi vyake vitamu akajipatia michembe ya kumvusha kiangazi. Na Mpemba hutandaza karafuu juu ya majamvi, akawa na wajibu mmoja tu wa kuziwahi wingu linapochomoza. Mafundi hao nawapa heshima yao yote, ila ufundi wao umekopa nguvu mbinguni. Mtu wa Kiwira hana mkopeshaji huyo. Imemlazimu kujua kwa akili yake ni kitu gani hasa kikaushacho, na kwa sababu hiyo nathubutu kusema kuwa sanaa hii, ijapokuwa haikuzaliwa Rungwe, imepata huko heshima ambayo haikuipata penye jua.

Wengi hudhani kuwa moto ndio ukaushao. Moto huivisha, na ukizidi huunguza. Kiondoacho maji ndani ya tunda ni hewa kavu ipitayo juu yake, ikauchukua unyevu na kwenda zake. Hewa ya Kiwira siku ya manyunyu, tuseme katika nyuzijoto 18, imekwisha kushiba maji na haipokei zaidi, ndiyo maana shati lililofuliwa Jumatatu huweza kuwa bichi Jumatano. Lakini hewa hiyo hiyo ikipashwa hata kufika nyuzi 55, bila ya kuongezewa wala kupunguziwa tone, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanuka kiasi kwamba mzigo uliokuwa umeijaza pomoni huwa takriban asilimia 13 tu ya kile iwezacho kuchukua. Hiyo ndiyo hikima yote iliyomo katika kaushio la umeme: sanduku, kipasha joto, feni, na trei za wavu zilizopangwa moja juu ya nyingine ili hewa ipenye kila upande. Wakulima wapelekao majani ya chai kiwandani Katumba wanayajua mambo haya kwa kuyaona, kwa kuwa huko majani mabichi hupitishiwa hewa ya moto mpaka kilo nne na nusu au tano zikabaki kilo moja. Kaushio la nyumbani ni kiwanda hicho kilichopunguzwa hata kikaenea juu ya meza ya jikoni, na likiwa la wati 500, likaenda saa 10, limekula yuniti 5 za LUKU, gharama ambayo mwenye nyumba hana budi kuipima kabla ya kuanza, wala asiambiwe kuwa ni bure.

Baada ya kuisifu mashine, sharti niseme kuwa haina busara hata chembe. Busara yote imo katika kisu. Mkungu wa ndizi una tabia ya kuivisha chana zake karibu kwa pamoja, na familia iliyokula mbalaga, yaani ndizi za kupika, wiki nzima zilipokuwa mbichi hujikuta siku mbili tatu baadaye imezingirwa na ndizi mbivu kuliko matumbo yaliyopo. Na sokoni Kiwira, ambako malori hupakia mikungu kwenda Mbeya na Dar es Salaam, hakuna dalali anayetaka ndizi iliyokwisha kulegea. Hapo ndipo fundi huketi. Huchagua ndizi iliyogeuka manjano na kuanza kutiwa madoadoa meusi, kwa sababu iliyo changa zaidi hukauka ikawa na ladha ya wanga, na iliyopita hapo hubandika kwenye wavu kama gundi. Humenya, akakata vipande vyenye unene wa milimita 5, vyote sawa. Na katika neno hilo “sawa” mna kazi ya mwaka mzima wa kuuzoeza mkono, maana kipande chembamba kitakuwa kimekwisha kukakamaa wakati jirani yake mnene angali anatoa maji. Huvichovya katika maji yaliyokamuliwa limau ili visiwe vyeusi, akavipanga pasipo kimoja kugusa kingine, akaweka joto nyuzi 57 au karibu na hapo. Mwenye papara hupandisha hata 80 akidhani anaokoa muda. Ngozi ya nje ikafungika kabla maji ya ndani hayajapata njia, na tunda likaja kuchacha kifuani huku sura yake ikidanganya kuwa limekauka.

Saa ya kutoa haisomwi ukutani. Kipande hutolewa, kikaachwa kipoe, kwa kuwa kila kitu cha moto huonekana laini. Kisha hukunjwa kwa vidole viwili. Kikikunjika bila ya kunata wala kutoa unyevu, kimefika. Katika kilo moja ya ndizi zilizomenywa, ambayo takriban robo tatu yake ilikuwa maji, hupatikana gramu 300 hivi. Embe lililopanda gari kutoka Kyela hutoa kwa kilo gramu 200 na kitu, na nanasi pungufu ya hapo. Mtu asiyeyajua haya hudhani ameibiwa. Parachichi, fahari mpya ya Rungwe iliyovuka bahari hata Ulaya, nashauri liachwe lilivyo: limejaa mafuta, na mafuta hayakauki, huvunda tu.

Kwa sababu hiyo hiyo shahamu ni hasimu wa mkaushaji nyama. Wazee walibanika nyama juu ya meko, moshi ukifanya kazi ya upepo na ya dawa kwa pamoja. Wasomali wakapata nyirinyiri, nyama iliyokatwakatwa ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, chakula cha safari ndefu nyuma ya ngamia. Katika kaushio hutakiwa mnofu mtupu wa paja, uliokwisha kuondolewa kila uzi mweupe wa mafuta, ukagandishwa kidogo ili kisu kisiteleze, kisha ukakatwa vipande virefu vyembamba. Akatishaye nyuzi za nyama hupata kitafunio chepesi; afuataye nyuzi hupata kitu cha kutafuna kutoka Kiwira mpaka Uyole. Hulazwa usiku kucha katika chumvi, siki, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Na hapa sitaki utani: joto litoshalo kukausha ndizi halitoshi kuua vijidudu vya nyama, hivyo vipande sharti kwanza vifikishwe nyuzi 71 kwa kuchemshwa ndani ya viungo vyake au kutiwa katika tanuri, ndipo vikaushwe. Vikiwa tayari, ukivikunja hupasuka na kuonyesha nyuzi nyeupe, lakini havikatiki.

Ukaushaji wa viwanda vikubwa nao umewahi kujaribiwa: Karatina na Kerugoya, chini ya Mlima Kenya, Waingereza walijenga viwanda vya kukaushia mboga wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakawanunulia wakulima mazao yao ili kulisha majeshi. Vita vilipokwisha, na haja ya wenye viwanda ikaisha, milango ikafungwa na mkulima akabaki na karoti zake. Nakikumbuka kisa hicho kila nisikiapo watu wakisema kuwa ukaushaji utafaa siku tutakapojengewa kiwanda. Sanduku la mezani ni dogo, lakini ufunguo wake anao mwenye shamba.

Iliyobaki ni hifadhi, nayo Kiwira ni nusu nzima ya kazi, kwani hewa iliyoshindwa ndani ya sanduku ingali imetanda jikoni ikingoja kurudisha ilichonyang'anywa, na trei iliyosahauliwa wazi usiku mmoja huamka imelegea. Matunda yakipoa hutiwa mara moja katika chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, yakijaa theluthi mbili tu, na kila siku kwa muda wa wiki chupa hutikiswa ili unyevu uliobaki ugawanyike sawa. Jasho likionekana ndani ya kioo, yote hurudishwa kwenye trei kabla kuvu haijaota. Nyama huhifadhiwa vivyo hivyo, na itakiwayo kukaa zaidi ya majuma machache huwekwa penye baridi. Hili la mwisho nalisema kwa kutimiza wajibu tu, maana katika nyumba yenye watoto nyama kavu haifiki majuma hayo.