Bunduki ya Kanga: Karatasi Ndiyo Hakimu

Goma ni mji unaojua silaha kuliko unavyotaka. Mtoto wa Majengo au Ndosho hutofautisha kwa sikio kalashnikov na bunduki nzito ya mkanda, na anajua ni wakati gani wa kulala sakafuni. Lakini muulize mtu mzima wa mji huohuo bunduki ya kuwindia ndege iweje, atakujibu "kalibre 12", basi. Jibu hilo ni nusu tu. Kalibre 12 ni ukoo mzima: ndani yake mna vyombo vya kurithisha wajukuu, na mna vyuma vya kukata vidole.

Mwongozo huu ni wa aliyerithi bunduki ya zamani ya shambani na hajui thamani yake, na wa anayetaka kununua ili awinde kwa kibali. Kwanza sheria, maana bila hiyo hakuna uwindaji, kuna ujangili tu. Kongo ina sheria ya uwindaji nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na amri-sheria ya silaha nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ndege haguswi, hata kama kanga wa tambarare ya Rwindi wanatembea barabarani mbele ya gari. Na tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, kupita Goma na bunduki begani ni kujitafutia balaa, karatasi ziwe zimekamilika au la. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania bado inatoa vibali, na huko ndiko mpenda kanga wa Kivu anakoweza kwenda kwa amani.

Ndege kwanza, bunduki baadaye

Maandishi mengi kuhusu bunduki za ndege hutoka Marekani, na ndege anayezungumzwa huko ni bata mzinga wa porini. Dume lake hufikia kilo 7 hadi 11. Mwindaji huketi ameegemea mti, akaiga sauti ya jike, dume likaja lenyewe hadi karibu na kusimama. Shabaha ni kichwa na shingo. Kwa kazi hiyo hutakiwa mtutu mfupi wenye mdomo uliobanwa sana, ili marisau yaende yameshikana. Uzito si neno, kwa kuwa mpigaji hatembei sana.

Ukiichukua bunduki hiyo kumwendea kanga, utarudi mikono mitupu. Kanga ana kilo moja na nusu hivi. Hukimbia kwanza, na akikimbia humwacha mtu mbali. Huruka pale tu anapokosa njia, tena kundi zima kwa kishindo kimoja. Anayefyatua wakiwa bado chini wamesongamana huangusha wawili na kuwajeruhi wengine watakaokwenda kufia vichakani. Mwindaji wa kweli huwarusha, akamchagua mmoja, akapiga akiwa mita 25 hadi 35. Kanga wa kishungi wa msituni hupigwa karibu zaidi, maana miti haikupi nafasi.

Kwa hiyo bunduki ya kanga ina masharti matatu: iwe nyepesi kwa mtu anayetembea tangu alfajiri, ipande begani upesi bila kutafutwa, na itawanye marisau kwa kiasi.

Namba na aina

Namba ya kalibre inatokana na hesabu ya kizamani: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, kuwa matufe 12 yaliyo sawa, kila tufe litaingia sawasawa kwenye mtutu wa kalibre 12. Ndiyo maana namba ikipanda tundu hupungua. Kalibre 12 ina kipenyo cha milimita 18.5, kalibre 20 ina 15.6. Kalibre 16, waliyoipenda sana Wabelgiji na Wafaransa, ni tamu mkononi, ila kuzipata kartushi zake ni kazi. Chagua 12 kwa sababu chakula chake kinapatikana kila mahali. Mwenye mwili mdogo achukue 20, hatapungukiwa na kitu kwa kanga.

Kuhusu aina, ushauri wangu ni mitutu miwili, iwe sambamba au mmoja juu ya mwingine. Baikal ya Urusi yenye mtutu mmoja ni imara na ya bei nafuu, lakini kanga akikoswa mara ya kwanza hakuna ya pili. Zile za kujijaza zenyewe, kama Browning Auto-5 ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianza kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, ni kazi ya fundi mkubwa. Hata hivyo zina pete za msuguano ndani zinazopaswa kupangwa kulingana na nguvu ya kartushi, na nyingi nilizoziona huku zimepangwa ovyo. Bunduki ya mitutu miwili ina faida mbili ambazo nyingine hazina kwa pamoja. Kila mtutu unaweza kuwa na mbano wake wa mdomo, na ukiivunja katikati, kila mtu aliye karibu anaona kwamba ni tupu. Katika nchi ambayo watu wameumizwa na silaha, kuitembeza bunduki ikiwa wazi ni adabu kabla ya kuwa usalama.

Soma chini ya mitutu

Muuzaji atakuambia: "Papa, hii ni ya Wabelgiji, haichoki." Mwambie asante, kisha ondoa mitutu uigeuze. Ukweli wa bunduki umegongwa pale chini, mahali panapofichwa na mbao.

Mji wa Liège wa Ubelgiji umekuwa na utaratibu wa kupima mitutu kwa mlipuko mkali tangu mwaka 1672. Mtutu uliofaulu hugongwa mhuri wa herufi ELG ndani ya duara la yai lenye taji. Tafuta pia simba aliyesimama juu ya herufi PV. Simba huyo anasema mtutu umepimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Ukikosa simba kwenye bunduki ya zamani ya Kibelgiji, chukulia kwamba ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, uitundike ukutani.

Halafu soma urefu wa chemba: 65, 70 au 76. Hizo ni milimita. Bunduki nyingi za zamani ni 65, na kartushi za siku hizi ni 70. Kinachodanganya ni kwamba kartushi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila shida, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikilipuka inakosa nafasi ya kukunjuka, na mgandamizo unapanda kupita kiasi. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufikia bar 740, na gurudumu la gari lina kama bar 2 tu. Hesabu hiyo inatosha kukufanya uvae miwani usome vizuri.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo inayohukumu gobori la mhunzi, lililochongwa kwa bomba la maji. Mhunzi anaweza kuwa fundi hodari wa majembe, lakini bomba lake halikupimwa na mtu. Hakuna bei inayolifanya liwe rahisi.

Jicho, sikio na mkono

Hakikisha bunduki ni tupu, kisha uhakikishe tena. Inua mitutu kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, utazame ndani kutoka nyuma. Mtutu mzima huonyesha pete za mwanga zilizopangika hadi mdomoni. Pete ikipinda mahali fulani, hapo pamebonyea. Madoa meusi yanayofutika kwa kitambaa na mafuta ni uchafu. Vishimo visivyofutika ni kutu iliyokwisha kula chuma. Vichache karibu na mdomo vinavumilika, karibu na chemba havivumiliki.

Sasa ning'iniza mitutu kwa kidole kimoja kwenye ndoano yake ya chini, uigonge kwa ukucha au kipande cha mti. Mitutu mizima hulia kama kengele, sauti ikakawia kuisha. Ikitoa mkwaruzo mfupi, utepe wa chuma unaoishika pamoja umeachia mahali.

Irudishe, funga, ondoa mbao ya mbele, kisha shika kitako na utikise polepole. Ukisikia mchezo kwenye bawaba, imechoka. Inatengenezeka, lakini toa gharama hiyo kwenye bei. Kagua kitako pale kinapoungana na chuma, ndipo mpasuko huanzia. Mishipa ya mbao inapaswa kupita moja kwa moja kwenye sehemu ya kushikia. Mwisho tazama skurubu. Vichwa vilivyotafunika ni ushahidi kwamba aliyeifungua hakuwa na bisibisi sahihi, na huenda hakuwa na ujuzi pia.

Ikutoshe mwilini

Ndege anayeruka hapigwi kwa kulenga taratibu, hupigwa kwa kutazama. Bunduki inapaswa kwenda jicho linakokwenda. Jaribio lake halihitaji risasi. Ikiwa tupu, chagua alama ukutani, fumba macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya porini, kisha fumbua. Ukiona kilengeo cha mbele kiko juu ya alama na uso wa mtutu hauonekani sana, inakutosha. Ukiona tu mgongo wa chuma mbele yako, kitako ni cha chini mno. Kama kitako kilinasa kwenye nguo wakati wa kupanda, ni kirefu. Wengi hutoshwa na urefu wa sentimita 36 au 37 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Uzito mzuri ni kilo 2.9 hadi 3.2. Chini ya hapo teke linaumiza, na juu ya hapo utailaani bunduki kabla ya saa sita mchana.

Kartushi na karatasi

Huku Kongo kartushi nyingi zinazouzwa ni za marisau makubwa, tembe tisa tu ndani, za kupigia wanyama wa msituni. Kwa ndege ni upotevu, maana kanga mzima hupita katikati ya tembe hizo tisa. Unataka gramu 32 hadi 36 za marisau ya milimita 2.7 hadi 3. Usiamini namba kwenye boksi peke yake, kwa kuwa namba 5 ya nchi moja si namba 5 ya nchi nyingine. Soma milimita. Marisau ya chuma usiyatie kwenye mitutu ya zamani yenye mbano mkali. Risasi laini hubonyea ikipita pale, chuma hakibonyei, na mtutu ndio utakaoumia.

Sasa ndipo bunduki hujieleza yenyewe. Kwenye uwanja halali wa shabaha, tandika karatasi ya mita moja na robo kila upande. Weka alama katikati, rudi mita 36, piga mara moja. Chora duara la sentimita 76 mahali matundu yalipojaa zaidi, uhesabu. Gramu 32 za marisau ya milimita 2.8 ni chembe 250 hivi. Mtutu usio na mbano huweka humo asilimia 40, wenye nusu mbano 60, wenye mbano kamili 70. Kwa kanga, mtutu wa kwanza uwe nusu mbano, yaani chembe kama 150, na wa pili mbano kamili, kwa ndege aliyekwisha kuwa mbali.

Hesabu peke yake haitoshi. Kata umbo la kanga kwa katoni, ukubwa wake wa kweli bila mabawa, ulitelezeshe juu ya karatasi. Kila unapoliweka ndani ya duara, liwe na matundu manne au matano. Ukipata mahali linakaa bila tundu, au na moja tu, hapo ndipo kanga huondoka amejeruhiwa na mwindaji akaapa kwamba alimlenga sawasawa. Badilisha aina ya kartushi ujaribu tena, maana mtutu mmoja hupenda kartushi fulani na kuikataa nyingine ya bei kubwa zaidi. Rudia kwa karatasi kadhaa, kwa kuwa karatasi moja inaweza kubahatisha. Angalia pia kama mitutu yote miwili inapiga mahali pamoja. Ikiwa mmoja unakwenda kushoto na mwingine kulia, rudisha bunduki hiyo hata kama imechorwa maua na mbwa wa fedha ubavuni.

Ningelazimika kuchagua kati ya Baikal ya mitutu miwili isiyo na urembo, inayojaza karatasi sawasawa na kunikaa begani, na bunduki ya Liège yenye jina kubwa inayoacha mapengo, ningelipia Baikal, na fedha zilizobaki ningenunulia kartushi za mazoezi. Bunduki ya Liège yenye simba wake, mitutu inayolia vizuri na karatasi isiyo na pengo, hiyo usiulize bei mara mbili. Andikisha, lipa, na uitunze kwa mafuta.