Mkopo Nani Alilipa?

Mama mdogo aliniuliza swali hilo filamu ikiwa haijafika hata katikati. Tulikuwa kwake Tukuyu, mvua inapiga bati, nami namtafsiria The Tinder Swindler kwenye kompyuta yangu. Ni filamu ya mwaka 2022 ya Felicity Morris, kuhusu Simon Leviev, Mwisraeli aliyejifanya mtoto wa tajiri wa almasi akawachuna wanawake aliowapata mtandaoni. Mimi niliitazama kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mama mdogo alikuwa na sababu zake.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mchumba wa kwenye simu: mhandisi wa meli, mgane, mcha Mungu. Baada ya miezi minne ya "mke wangu umekula?", akaambiwa sanduku la zawadi za harusi limekwama uwanja wa ndege Dar es Salaam, linasubiri ushuru. Akakopa laki nane kwenye kikoba. Wenzake walikuwa wameshaanza kubishania kitenge cha sare.

Nikiri kwamba mwanzo wa filamu ni mzuri. Ndege binafsi kutoka London hadi Bulgaria, maua, ujumbe wa sauti: mtazamaji naye anatongozwa, na hapati nafasi ya kumcheka Cecilie Fjellhøj. "Huyu hata mimi ningemkubali," alisema mama mdogo, kisha akanyamaza.

Halafu filamu inamkimbilia mwanamume. Viwanja vya ndege, waandishi wa habari, polisi. Madeni ya wanawake yanaachiwa maandishi machache ya mwisho, kana kwamba ni habari ya pembeni. Anayeponyoka ni Ayleen Charlotte, aliyeendelea kujifanya mpenzi huku akiuza nguo za Leviev ili arudishe chake. Hapo mama mdogo alicheka mpaka akadai nirudishe nyuma tuone tena.

Fasihi yetu nayo haina la kujisifia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ninayoipenda bado, inamfikisha Rosa kwenye kujiua. Haina subira na mwanamke anayeamka kesho yake akiwa na aibu ileile na ndizi za kupeleka sokoni. Riwaya hiyo ilitoka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 71 kinaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa masharti ya ndoa ambayo haikufungwa. Ajabu, wanasheria ndio waliofikiria kesho yake. Ila kifungu hicho kinahitaji mtu wa kushtakiwa, na mchumba wa mama mdogo alikuwa laini ya simu tu, iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Alilipa kwa ndizi, miezi 14. Kila Alhamisi alikwenda kikaoni, akakaa kiti chake kilekile, na walewale wa kitenge wakazihesabu noti zake mbele ya wote. Hakuacha hata kikao kimoja. Mimi ningeitazama filamu ya hicho kiti.

Maandishi ya mwisho yalipopita, aliuliza kama kikoba cha Cecilie kilimpunguzia riba. Nikamwambia si kikoba, ni benki.

"Aa," akasema, akiinuka kuangalia chai jikoni. "Basi hana wa kutazamana naye Alhamisi."

Sikujua kama anamhurumia au anamwonea wivu.