Injini Inayoazima Pumzi

Mchana wa Maua una sauti yake. Vibunda vya miraa vimekwisha kufungwa kwa majani ya mgomba visikauke, magunia yamepangwa kwenye pikapu, dereva anapiga honi na kushika barabara ya Meru. Ana zaidi ya kilomita 250 mbele yake hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na mzigo alioubeba unapungua nguvu kila saa inayopita. Sauti hiyo ilikuwa ikipanda hadi chumba changu cha ghorofani siku niliporusha ndege yangu ya kwanza katika mchezo wa kompyuta. Ilisukumwa na injini ndogo iitwayo Juno. Nimekaa kuisifu injini hiyo leo kwa sababu ndiyo iliyonifunza maana ya ufundi.

Mchezo wenyewe ni Kerbal Space Program, uliotungwa na kampuni ya Squad ya Mexico. Ndani yake unaunda chombo kipande kwa kipande, kisha unakirusha kutoka Kerbin, sayari ya kubuni yenye mvutano kama wa dunia yetu. Juno ndiyo injini ya jeti anayoanza nayo mwanagenzi. Ina uzito wa kilo 250 na msukumo wa kilonewtoni 20, nguvu inayotosha kuinua tani mbili hivi. Mbele ya injini zinazofuata, ni kitoto.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Roketi hubeba mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachomea, na mzigo huo wa pili ni mzito mno. Juno haibebi oksijeni hata chembe. Inavuta hewa iliyoikuta mbele yake, inaibana, inaichanganya na mafuta, inawasha, halafu inaitema nyuma kwa kasi. Inaazima pumzi kwa mazingira na kuirudisha ikiwa moto. Kwa sababu hiyo, lita moja ya mafuta yake huenda mbali kuliko roketi inavyoweza kuota. Kanuni ni ile ile iliyoiendesha Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, ilipoondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe.

Udogo wake haukuachii nafasi ya kuficha kosa. Mwenye injini kubwa hulazimisha hata ndege mbovu ipae. Mwenye Juno hana budi kupanga. Mchezo unakuonyesha tufe la manjano na jeusi pale uzito unapokutania, na tufe la buluu pale mabawa yanapoinulia. Uzito ukikaa nyuma ya mwinuko, ndege hugeuka kichwa chini miguu juu. Magurudumu ya nyuma yakiwa mbali mno na uzito, pua haiinuki hata uwanja uishe. Niliangusha ndege nyingi kabla ya kuelewa. Kisha siku moja nikiwa dirishani nikamwona kijana akipakia pikapu: alisogeza magunia mawili mbele, akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama gari lilivyokaa, akasogeza moja tena. Hakuwa na tufe la manjano wala la buluu. Mikono yake ilikuwa inayajua yote mawili. Nikarudi mezani, nikasogeza tangi la mafuta kidogo mbele, na ndege ikapaa.

Ninachokipenda zaidi katika Juno ni kwamba ina mwisho, na mwisho wake unajulikana. Kadiri unavyopanda, hewa inakonda na msukumo unalegea. Hewa ya Kerbin huishia kilomita 70 juu, nayo Juno huzimika mbali chini ya hapo. Mwanagenzi hukasirika. Mimi pia nilikasirika, nikaongeza injini ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikazimika pamoja. Hewa isiyokuwepo haiazimwi kwa wingi wa vinywa.

Jibu tunalo pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Scout ilikuwa na hatua nne. Kila moja ilichoma mafuta yake, ikafika mwisho wake, ikaachia inayofuata. Hakuna hatua iliyofika juu peke yake, na hakuna iliyofanya kazi bure.

Sasa ndege zangu hupaa kwa Juno mbili. Zinaninyanyua kutoka ardhini kwa mafuta kidogo, zinanivusha hewa nzito ya chini, na zinapoanza kulegea ninawasha roketi ndogo nyuma yao. Nje, pikapu nyingine inapiga honi. Dereva wake harushi ndege, na hana haja. Kazi yake ni kufika Wilson mzigo ukiwa mbichi, aushushe, na kumwachia rubani safari iliyobaki.