Nani Mwenye Mchezaji? Uhakiki wa Lugha ya Mashabiki wa Kandanda Mwishoni mwa Msimu

Utangulizi

Kila msimu wa kandanda unapofika ukingoni, mashabiki huacha kuzungumzia mechi wakaanza kuzungumzia watu: nani atahama, nani ataachwa, mkataba wa nani unakwisha, na nani amezeeka hata imempasa kustaafu. Hapa Kisangani mazungumzo hayo husikika masokoni, kwenye vituo vya pikipiki, kwenye majukwaa ya uwanja wa Lumumba, na hata katika baraza za Chuo Kikuu chetu. Wahakiki wa Kiswahili kwa kawaida hawayajali. Huyaona kuwa ni porojo za vijana, wakarudi kwenye tenzi na riwaya.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki mazungumzo hayo kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote: kwa kuchunguza msamiati wake, sarufi yake na fikra inayobebwa na vyote viwili. Dai letu ni kwamba lugha ya mashabiki ina misamiati mitatu iliyochanganyika, yaani msamiati wa soko, msamiati wa kalamu na msamiati wa nyumba. Na kwamba kila mmoja unatoa jibu tofauti kwa swali moja: mchezaji ni wa nani? Swali hili si la upuuzi. Vijana wengi wa mji huu wanatamani kuishi kwa mpira, na watajibiwa swali hilo kwenye karatasi watakayotia sahihi.

Njia iliyoleta maneno

Kiswahili kilifika hapa kutoka mashariki, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa katika karne ya 19. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Leopold II. Kilingala nacho kilipanda na mto kutoka magharibi, na Kifaransa kikaja na ofisi na shule. Ndiyo maana shabiki wa Kisangani huweza kumsifu mchezaji kwa Kilingala, akataja masharti ya mkataba wake kwa Kifaransa, kisha akamlaumu kwa Kiswahili, yote hayo katika pumzi moja.

Mizani hiyo imeguswa na safari za wachezaji wenyewe. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Wakati huo njia ilikuwa ya kutoka pwani kuja Kongo. Baadaye ikageuka. Heritier Makambo aliingia Yanga mwaka 2018. Mukoko Tonombe na Tuisila Kisinda wakafuata mwaka 2020. Fiston Mayele na Djuma Shaban mwaka 2021. Mwaka huohuo Henock Inonga akaenda Simba. Mwaka 2023 Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu, mji ulio juu yetu kwenye mto huuhuu, akajiunga na Yanga. Majina yalipokwenda pwani, masikio ya huku yaliyafuata. Kwa njia hiyo maneno kama usajili, tetesi, kumwaga wino na mchezaji huru yamewafikia watu ambao hawakufundishwa hayo darasani.

Msamiati wa soko

Msamiati unaosikika zaidi ni ule wa soko: kuuza, kununua, bei, dau, faida, hasara. Hapa pana tatizo la kwanza, nalo ni la kilahaja. Katika Kiswahili sanifu kuuza ni kutoa kitu ili upate fedha. Katika Kiswahili cha wasemaji wengi wa mashariki mwa Kongo, kuuza ni kutoa fedha ili upate kitu. Anayekitoa kitu huuzisha. Tuchukue sentensi ya kutungwa: "Yanga imemuuza Mayele." Msikilizaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba Mayele ameondoka Yanga. Msikilizaji wa Kisangani aliyezoea lugha ya nyumbani kwake ataelewa kwamba Mayele ameingia Yanga. Maneno ni yaleyale, na mchezaji anasafiri pande mbili zinazopingana. Mayele alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, sentensi ya namna hiyo iliweza kuzua ubishi ambao haukuhusu mpira hata kidogo.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Katika kuuza na kununua, mchezaji ni yambwa daima. Hatendi, hutendwa. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni istiari tu, na kwamba hakuna shabiki anayeamini kuwa mtu huuzwa kama gunia la mchele. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo msikilizaji anakijua kile kinachositiriwa na istiari. Kinachouzwa kwa kweli ni muda uliobaki katika mkataba: klabu inayomtaka mchezaji huilipa klabu yake ili ikubali kuuvunja mkataba kabla ya wakati. Muda huo ukiisha, hakuna cha kuuza. Istiari ya soko inauficha ukweli huu, kwa sababu gunia la mchele halina tarehe ya kuwa huru.

Na tarehe hiyo ilipatikana kwa kesi. Mkataba wa Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya Ubelgiji ulikwisha mwaka 1990. Alitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini klabu yake ilidai malipo ingawa hakuwa tena na mkataba nayo. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya mjini Luxembourg iliamua kwamba klabu haiwezi kudai malipo ya namna hiyo kwa mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya anayehamia nchi nyingine ya Umoja huo mkataba wake ukiisha. Kanuni za FIFA zilirekebishwa baadaye kufuata mwelekeo huo. Katika mji ulioijua biashara ya watu kwa macho yake, ingetarajiwa kwamba tofauti kati ya kumuuza mtu na kuuza muda wa kazi yake ingekuwa wazi kuliko kwingine kote. Haiko hivyo.

Msamiati wa kalamu

Msamiati wa pili ni bora zaidi. Kusajili, kutia sahihi, kumwaga wino, kuongeza mkataba, kuvunja mkataba: hapa mchezaji anaanza kuwa kiima. "Amemwaga wino" ni usemi wenye uhai, unaomwonyesha mtu akiinama juu ya karatasi kwa hiari yake. Hata hivyo kusajili kwenyewe kunarudi kwenye mazoea ya zamani, kwani ni klabu inayomsajili mchezaji, naye haisajili klabu. Katika Kiswahili cha hapa wengi husema kontra badala ya mkataba. Hatuoni kosa katika mkopo huo. Kosa liko katika kulitumia neno bila kuyajua yaliyomo ndani yake.

Yapo mambo matatu ambayo kila shabiki angepaswa kuyataja anapotaja kontra. Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5, na wa aliye chini ya umri wa miaka 18 hauzidi miaka 3. Mkataba ukibakiza miezi 6, mchezaji yuko huru kujifunga na klabu nyingine itakayomchukua baadaye. Na mchezaji anapohamishwa kimataifa kwa malipo kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya malipo hayo hugawanywa kwa klabu zilizomlea. Jambo hili la tatu lingepaswa kuwavutia hasa wapenzi wa klabu ndogo. Lakini hatujasikia mashabiki wakilipa jina la Kiswahili, na kisicho na jina hakidaiwi. Tunapendekeza fungu la malezi.

Kasoro nyingine ya msamiati huu ni ya kisarufi. Mashabiki hutumia kiambishi -me- kwa jambo ambalo halijatendeka: "ametua", "amemalizana nao", "wamemnasa". Kiambishi cha tendo lililotimia kinapewa kazi ya kubeba uvumi. Kiswahili hakikosi zana za kumlinda msemaji mwaminifu: yasemekana, huenda, eti, kuna tetesi kwamba. Wakongo tumekwisha kuizoea redio trottoir, na tunajua kupima habari zake. Lakini mizani hiyo inahitaji alama katika sentensi. -Me- inapozifuta alama zote, uvumi na taarifa huvaa nguo moja.

Msamiati wa nyumba

Msamiati wa tatu ni wa jamaa na ndoa. Mchezaji huachwa, hutemwa, hurudi nyumbani, husaliti. Clatous Chama wa Zambia aliondoka Simba mwaka 2021 kwenda RS Berkane ya Morocco, akarejea Januari 2022. Katika lugha ya nyumba, huko ni kurudi kwa mtoto. Mwaka 2024 mkataba wake na Simba ulipokwisha, alijiunga na Yanga. Katika lugha ya nyumba, huo ni usaliti; katika lugha ya kalamu, ni mtu aliyemaliza kazi moja akaanza nyingine. Tukio ni moja, hukumu ni mbili, na tofauti yake imetokana na msamiati aliouchagua msemaji kabla hajatoa hoja yoyote.

Hatusemi kwamba msamiati wa nyumba ufutwe. Ndio unaobeba mapenzi, na pasipo mapenzi uwanja ni nyasi tu. Lakini unaliharibu neno moja lenye heshima, nalo ni huru. Katika Kiswahili huru ni kinyume cha mtumwa, na hili si neno la mzaha katika historia yetu. Tena dola ya Leopold II ilijiita Dola Huru ya Kongo huku ikiwalazimisha watu kuvuna mpira wa miti. Basi tumekwisha kuliona neno hili likidanganya. Mashabiki wanaposema "fulani ni mchezaji huru", aghalabu sauti yao inashuka, kana kwamba wamesema "hana kwao". Aliyemaliza mkataba na anayepokea wito kutoka klabu nyingi, na yule aliyeachwa bila klabu wala mshahara, huitwa kwa jina moja. Ni vyema tuwatenganishe: wa kwanza ni mchezaji huru; wa pili ni mchezaji asiye na klabu.

Kustaafu na kutundika daluga

Mwisho wa msimu ndio pia wakati wa kuwastaafisha watu. Mashabiki husema mchezaji "atundike daluga". Usemi ni mzuri kwa umbo lake, lakini unakomea ukutani: haumfuati mtu baada ya kuvua viatu. Kustaafu nako ni neno la ofisi, linalomfanya msikilizaji afikirie kiinua mgongo na malipo ya uzeeni. Kwa wachezaji wetu wengi neno hilo halina kitu ndani.

Mfano ni Ndaye Mulamba. Mwaka 1974 alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika fainali moja, na Zaire ikatwaa kombe. Kikosi kilichokwenda Kombe la Dunia mwaka huohuo kilikuwa cha wachezaji wa klabu za nyumbani. Hakukuwa na mauzo ya kuwatajirisha. Mulamba aliishia uhamishoni Afrika Kusini, katika hali ya ufukara. Mwaka 1998, katika fainali za Kombe la Mataifa zilizofanyika Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea kwa kudhani amekufa, naye alikuwa hai. Alifariki Johannesburg mwaka 2019. Hatuoni jinsi neno kustaafu linavyoweza kuieleza miaka hiyo yote. Lugha iliyokuwa na maneno mengi ya kumsifu alipokuwa akifunga haikuwa na neno la kumuulizia alipo.

Tathmini

Tukiyapima kwa jumla, mazungumzo haya yana sifa ambazo walimu wa lugha wanazitafuta kwa taabu. Yana kumbukumbu ya majina na miaka, yana hesabu, yana balagha, na yana ubishi unaofuata kanuni. Mwanafunzi anayenyamaza darasani anapotakiwa kutoa hoja kwa Kiswahili huweza kubishana nusu saa kuhusu thamani ya beki wa kushoto. Ni kosa la mafunzo yetu kutoitumia hazina hiyo.

Udhaifu wake hautokani na mikopo ya Kifaransa wala na lafudhi ya Kisangani. Unatokana na kuuacha msamiati wa soko uongoze mingine miwili. Tunapendekeza, basi, mambo machache: tuseme klabu imemhamisha mchezaji, au imeuza mkataba wake, mahali pa kusema imemuuza, tueleze wazi tofauti ya kuuza na kuuzisha katika masomo yetu, bila kuidharau lahaja ya hapa, na tetesi ziitwe tetesi.

Kijana wa Mangobo au wa Lubunga anayeitwa na klabu kubwa atapewa karatasi ya Kifaransa, na mara nyingi ataisomewa na mtu mwenye faida yake katika karatasi hiyo. Kabla ya kutia sahihi anahitaji kuuliza maswali mawili: mkataba huu unakwisha lini, na ukiisha mimi ni wa nani? Kiswahili kina maneno yote ya kuuliza hivyo. Kilichobaki ni kwamba ayasikie mapema, kutoka kwa wale wanaozungumza mpira mbele yake kila siku.