Tuni za Kanisa, Maneno ya Kizuizini

Nyimbo zilizoimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950 husifiwa zaidi kwa maneno yake: mashamba yaliyoporwa, Mlima Kenya, jina la Kenyatta likikaa palipokuwa na jina la Yesu. Sifa hizo ni za haki, ila zinapita kando ya lililo kubwa. Maneno makali yalikuwapo hata katika Muthirigu, wimbo wa ngoma wa 1929 uliowatukana wamisionari na machifu waziwazi, nao ukapigwa marufuku mapema 1930. Ngoma inayojulikana kuwa ya uasi ni rahisi kuizima. Utenzi wa kanisa je? Huwezi kuupiga marufuku bila kufunga kanisa lenyewe, na huo ndio mlango walioupitia watunzi wa baadaye. Hawakuwa wageni humo. Misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, ilikuwa imefundisha watu kuimba kwa miongo kadhaa, na Gakaara wa Wanjau, mchapishaji aliyezaliwa 1921, alikuwa mtoto wa mchungaji. Agosti 1952 alichapa ungamo la Gikuyu na Mumbi, wazazi wa asili wa Wakikuyu, kwa kufuata muundo wa Imani ya Mitume. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 20, naye alikamatwa.

Ufundi wenyewe ni huu: chukua tuni ambayo kila mtu anaijua, acha mizani na kiitikio vilivyo, badilisha maneno. Kambini, ambako watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walichanganywa na kuhamishwahamishwa, hakuna aliyehitaji mazoezi. Mmoja anaanzisha, wengine wanadakia. Karatasi haikuhitajika pia, kwa kuwa silabi ikipungua tuni yenyewe inakushtaki. Halafu kuna masikio ya askari. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyekijua Kikuyu, aliandika 1954 kwamba Mzungu asiyejua Kikuyu aliposikia tuni hizo alidhani watu wanasali. Mimi naongeza jambo moja. Kikuyu hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na tuni ya Kizungu haijali hilo. Inapanda pale neno linapotaka kushuka. Hivyo hata aliyejifunza lugha kitabuni angeachwa njiani, ilhali mwenye habari ya jambo lenyewe anajaza pengo bila taabu.

Mtu atasema serikali nayo ilitumia tuni hizohizo. Ni kweli: katika kambi ya Athi River mahubiri ya Kikristo yalikuwa sehemu ya kazi ya kuwafanya wafungwa waungame. Lakini hapo ndipo ulinzi unapokuwa mgumu, kwa maana askari hawezi tena kuamua kwa kusikia tuni peke yake. Pingamizi lililo zito ni jingine: kwaya humeza mtu. Wafungwa hawakuwa na nia moja. Wapo walioungama, na nyimbo za kulaani wasaliti ziliwabana hao pia. Hilo nalikubali, na kwa habari za mtu mmoja mmoja afadhali kusoma shajara ya Gakaara ya kizuizini, iliyotoka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Ila shajara ilibidi ifichwe. Kiitikio cha watu mia hakifichwi wala hakina mwandishi wa kukamatwa, na kumezwa huko kwa mtu ndiko kulikomkinga.

Kwa sababu hiyo nina shaka na namna tunavyozisoma nyimbo hizi leo. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alizikusanya na kuzitoa kwa Kiingereza 1980, miaka miwili kabla ya yeye mwenyewe kufungwa, na bila kazi yake tungekuwa na kidogo sana. Hata hivyo, katika tafsiri mizani imevunjika, na msomaji hajui mstari upi ulikuwa wa kiongozi na upi wa kundi. Basi wahakiki wamezichambua kama mashairi ya mtu mmoja aliyeketi mezani.