Bepari wa Nani? Kiambishi Kilichozua Ubishi

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba Mwalimu Nyerere, alipoiita tafsiri yake ya mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, aliingiza siasa za Azimio la Arusha katika tamthilia ya Shakespeare. Haya, tulitazame neno lenyewe. Kiingereza huunda jina la mtenda kwa kubandika "-er" mwishoni mwa kitenzi: "sing" huzaa "singer", kama sisi tunavyopata mwimbaji kutokana na imba. Lakini "merchant" ina "-ant" iliyopitia Kifaransa, na Mwingereza wa leo haoni kitenzi ndani yake. Kwa hiyo "mfanyabiashara", lenye kitenzi waziwazi, si pacha wake. Bepari nalo halina kitenzi cha Kiswahili. Lilitoka Bara Hindi likiwa na maana hiyohiyo ya mfanyabiashara. Hapo Mwalimu hana kosa. Kosa, kama lipo, liko kwenye "ma-": Shakespeare alitaja mmoja tu, yaani Antonio, na wingi huu unamtia kapu moja na Shylock. Siasa zimo, jamani, ila zimejificha kwenye kiambishi, siyo kwenye mzizi. Anayebisha alete hoja.